Sentensi Kumi za Shaabani

Buyenzi, Bujumbura
23 Aprili 2025

Shemeji yangu Karimu,

Asalaam aleikum. Naomba karatasi hii ikukute mzima, na mama awe mzima, presha yake imeshuka, na mkeo na watoto wawe wanakula na kulala vizuri. Sisi huku tupo. Mvua bado haijachoka, barabara yetu ni tope tupu. Petroli hakuna, magari yamelala foleni tangu Ijumaa, na wenyewe wamelala ndani yake. Gereji imefungwa tangu ulipoondoka. Mlangoni sasa anakaa mama mmoja anauza mboga za lengalenga. Nilituma mtu amwambie asimwage maji pale, ndugu yako Shaabani hakupenda, akajibu sawa.

Mimi bado nimo ndani ya eda. Zubeda wa jirani ndiye ananiendea sokoni.

Nakuandikia kwa sababu simu zimenishinda. Namba yako ya hapa haipatikani, ya Tanzania hukuniachia, na simu ya mama inalia tu. Ilyasi, yule utingo wa basi la Kigoma, amekubali kubeba barua. Anasema kila Jumamosi baada ya adhuhuri unapita kituoni kuchukua vipuri, kwa hiyo hatakukosa.

Neno langu ni moja. Siku ya arobaini ya Shaabani ulimchukua Lubna, ukasema aende kula Idi na bibi yake, wiki mbili tu. Idi imepita, shule imefunguliwa, na mwalimu wake amekwisha niuliza. Viatu vyake vya shule nimevipaka rangi, vipo dirishani. Ilyasi yuko tayari kumleta. Atamkalisha kiti cha mbele, karibu na dereva, ili asitapike kwenye kona za milimani.

Alikuwa na jino la juu linalegea. Kama limeng'oka naomba mnitunzie. Na usiku hulala ameshika sikio la mtu. Mwambie mkeo asimtoe mkono, akitolewa huamka.

Msalimie mama, umwambie namwombea.

Saliha, mama Lubna


Ujiji, Kigoma
9 Mei 2025

Kwa shemeji Saliha,

Waaleikum salaam. Barua yako nilipewa Jumamosi ya tarehe 26, lakini kazi zilinibana. Sisi hatujambo. Mama anaendelea na dawa. Mkate wa huku ni mzuri kuliko wa kwenu, na samaki wapo. Nimepata sehemu katika gereji ya mtu, karibu na kituo cha mabasi. Watu wa huku wanalipa polepole lakini wana heshima.

Lubna mzima. Tumemwandikisha madrasa, anajua sura sita. Jino lilitoka, watoto wakalitupa juu ya bati.

Kuhusu shule, huku pia shule zipo. Mama bado hajatulia, na mtoto anamtuliza. Hili ni jambo la familia na linahitaji subira. Mengine unayajua mwenyewe, sioni haja ya kuyaandika.

Tunza eda yako vizuri.

Karimu


Buyenzi
14 Mei 2025

Shemeji Karimu,

Salamu nyingi. Nashukuru kwa habari za sura sita. Baba yake angezitangaza mtaa mzima. Hapa hakuna kifo kipya wala harusi. Xavier fundi cherehani amepata umeme siku mbili mfululizo, akashona mpaka vidole vikavimba. Binti yake Mélissa, yule wa chuo kikuu, huja kunisalimia akitoka darasani.

Umeandika kwamba mengine nayajua. Sikuyajua. Barua yako niliisoma mara nne, kisha nikamwita Zubeda nikamwuliza ni nini ambacho natakiwa kukijua. Alikuwa anachambua mchele. Akaacha. Akasema, "Kumbe we hujui? Mi nilizani unajua, ndiyo maana unanyamaza." Nikamwambia aseme. Akasema, "Bwana yangu alikuwa kule kwa makaburi. Anasema Karimu alisimama mbele ya watu wote, akasema ile simu yako ndiyo iliua Shaabani."

Shemeji, sisi wanawake tulibaki nyumbani na mikeka. Hakuna aliyeniletea neno hilo. Sasa naelewa kwa nini siku ile ya tatu mama alinipa mkono bila kunitazama, na kwa nini wake za mafundi wenzenu hula kwangu haraka na kuondoka. Miezi mitatu mtaa mzima umekuwa ukinihurumia kwa jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nalo.

Naomba uniambie kama ulivyoona. Ni kweli nilimpigia. Jumatatu ile asubuhi alipita mtu na ndagala za Kajaga, vidagaa vikavu, safi, nikataka kujua kama nimnunulie kopo moja au mawili. Nilipiga mara mbili. Hakupokea. Sikushangaa, kwa sababu tangu nimwoe, samahani, tangu anioe, hakuwahi kupokea simu akiwa chini ya gari. Iliweza kulia mpaka ichoke. Alikuwa akitoka ananipigia, ananiambia, "Mama Lubna, nani kafa?" Kisha anacheka.

Nilinunua makopo mawili. Bado yapo.

Kama siku ile alibadilika, akataka kupokea, niambie. Nitajua namna ya kuishi na jambo hilo. Lakini kama mtoto wangu amezuiwa kwa ajili yake, basi nina haki ya kulijua lote, si nusu.

Saliha


Ujiji
30 Mei 2025

Kwa shemeji Saliha,

Tumepokea barua, tunamshukuru Mungu kwa uzima. Mama alikwenda hospitali, amerudi. Mimi nimenunua seti ya spana.

Umetaka kujua, basi jua. Tulikuwa wawili pale gereji. Yeye alikuwa chini ya Toyota, anafungua giaboksi. Simu ikalia. Akanyoosha mkono kuitoa mfukoni, akajigeuza, mguu wake ukapiga jeki, gari likamwangukia. Ni hivyo tu. Sikutaka kukuumiza, ndiyo sababu nilisema kwa wanaume tu. Ningeweza kusema mbele ya wanawake nikaona nikuhifadhi. Ungenishukuru.

Najua hukukusudia. Lakini mtu akisababisha jambo, kutokukusudia hakumrudishi aliyekufa. Ungeweza kununua ndagala bila kumwuliza mume. Ni kopo la ndagala, Saliha.

Mama amesema, nami naandika maneno yake kama alivyoyatamka: "Mtoto wa mwanangu hatalelewa na mkono uliompigia." Mimi sina nguvu ya kubishana na mama mgonjwa. Lubna atakaa huku. Hajaambiwa kitu, ingawa watoto husikia.

Viatu vya shule usitume, mguu umekua.

Karimu


Buyenzi
9 Juni 2025

Shemeji Karimu,

Idi njema, ingawa imekwisha pita. Tulichinja mbuzi kwa kuchangia, nyumba tano. Nilipata paja, nikampa Zubeda awapelekee wajane wenzangu wa msikitini. Homa ilinishika wiki nzima baada ya barua yako, sasa nimepona. Nilizimwaga zile ndagala, kisha nikaziokota.

Nimeamini uliyoniambia. Naanza hapo ili usidhani nimekuja kubishana. Siku tano nilikuwa nakaa ukutani nimeishika simu ile, nikiiangalia kama kitu kilichonikosea. Nilimwambia Mélissa habari yote. Yeye ndiye aliyeniuliza kama Shaabani aliacha maandishi yoyote, barua au nini, nipate kuyasoma nipumue kidogo. Nikakumbuka daftari.

Hujui habari ya daftari, maana alikuwa akikuficha, aliogopa utamcheka. Tangu Oktoba alikuwa akisoma Kiingereza kila Jumamosi kule Mutanga Sud, karibu na kampasi, kwa mwalimu mmoja anaitwa Révérien. Magari siku hizi yanakuja na vitabu vya Kiingereza, na alichoka kubahatisha. Alikuwa akirudi na chaki kwenye mkono wa shati. Nilidhani anasaidia kufuta ubao. Kumbe alikuwa anapelekwa ubaoni kila mara kwa sababu alikuwa mkubwa kuliko wote na mwalimu alimwonea fahari.

Daftari lilikuwa chini ya godoro, upande wake. Mélissa alilisoma kwa sauti, akanieleza. Somo la mwisho lilikuwa la kitenzi kimoja, « to cause ». Maana yake ni kufanya jambo litokee, kuleta matokeo, kusababisha. Shaabani ameandika pembeni kwa Kiswahili, kwa herufi zake zile zilizolala, kwamba mwalimu amesema Waingereza hukitumia zaidi kwa mabaya. Ugonjwa, moto, hasara, ajali. Likitokea jema, mara nyingi hutafuta neno jingine. Nilimwambia Mélissa kwamba kwetu sisi sababu haina tabia hiyo. Mgonjwa akipona humwambia aliyemuuguza, nimepona kwa sababu yako. Mélissa akasema ndiyo, lakini pia tunasema vilevile kwa aliyetuharibia. Akafungua ukurasa uliofuata.

Mwalimu aliwapa kazi ya kuandika sentensi kumi kwa kitenzi hicho, na sharti lake lilikuwa kwamba ziwe za kweli, za maisha ya mtu mwenyewe, si za kunakili kitabuni. Tarehe ni Jumamosi ya kwanza ya Februari. Jumamosi iliyofuata walirudishiwa. Jumatatu yake alikufa.

Ya kwanza inasema mvua husababisha tope kwenye barabara yetu. Ya pili ni ya mafuta machafu na injini. Ya tatu ni foleni za petroli. Ya nne inasema mke wangu alitia pilipili nyingi kwenye maharage, akasababisha machozi ya watu watatu. Mélissa alicheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Februari, halafu tukaona aibu. Ya sita inasema binti yangu husababisha nicheke kila asubuhi. Hiyo mwalimu ameikata kwa kalamu nyekundu, akaandika kwamba hapa kitenzi hiki hakifai, tafuta kingine.

Ya saba nakuandikia yote, kama Mélissa alivyoniandikia kwenye kikaratasi: "Jeki yetu inavuja. Siku moja itasababisha kifo. Nimemwambia ndugu yangu mara mbili." Pembeni ya sentensi hiyo mwalimu ametia alama nyekundu ya kukubali, na maneno mawili: vizuri sana.

Mélissa alikwenda kumwuliza. Révérien anamkumbuka Shaabani sana, lakini sentensi haikumbuki. Alisahihisha madaftari sitini siku ile, akatazama kitenzi tu. Mélissa anasema mwalimu alikaa chini kwenye ngazi za darasa akaomba asomewe sentensi hiyo tena.

Shemeji, sikushitaki. Jeki inaweza kuvuja na simu ikalia, vyote viwili. Lakini mama amejua kimoja tu. Nakuomba umsomee na hicho cha pili, halafu aamue juu ya mtoto akiwa amesikia vyote. Daftari lenyewe nimemkabidhi Ilyasi, amelifunga kwenye mfuko wa plastiki. Zubeda aligomba sana. Alisema, "We Saliha, we uko mujinga? Ile kitu usitume, shika wewe." Mimi nikaona mwandiko wa ndugu yako una haki ya kufika mkononi mwako, na labda ukiushika utakumbuka alivyokuwa. Na Lubna aione ile sentensi ya sita.

Saliha


Ujiji
25 Juni 2025

Kwa shemeji Saliha,

Salamu. Huku ni kiangazi, vumbi. Mama anaweza kutembea mpaka kisimani.

Barua nimepata, daftari sijalipata. Nilimwuliza Ilyasi akaapa kwamba alinipa mfuko. Mfuko alionipa ulikuwa na barua tu. Watu wa mabasi unawajua. Sijui kama daftari hilo lilikuwapo, na kama lilikuwapo sijui liliandikwa na nani. Binti wa chuo kikuu anaweza kukusomea chochote, wewe Kiingereza hujui na Shaabani naye hakukijua. Alishindwa hata Kifaransa cha darasa la sita.

Sikumsomea mama barua yako. Presha yake haistahimili hadithi.

Nahesabu kwamba eda yako imekwisha wiki iliyopita. Wewe bado kijana. Ukipata mtu wa heshima sisi hatutakuwa na kinyongo. Ile nyumba ya Buyenzi ni ya baba yetu, lakini hatukufukuzi, kaa mpaka upate pa kwenda.

Lubna ameanza kumwita mke wangu mama. Hatukumfundisha. Nimeona nikujulishe mimi kabla hujasikia kwa watu.

Karimu


Buyenzi
4 Julai 2025

Karimu,

Hamjambo huko. Mimi nimetoka ndani. Siku ya kwanza nilikwenda mpaka mlangoni mwa gereji, nikasimama, nikarudi. Siku ya pili nilifika sokoni.

Ilyasi amenionyesha mkono wake, akaapa kwa mkono huo kwamba ulifungua mfuko mbele yake ukatoa daftari ukaligeuzageuza. Sitakuuliza tena. Kikaratasi cha Mélissa ninacho, lakini najua ni mwandiko wa Mélissa, nikija nacho kwa mama utasema uliyoyasema, naye atakuamini. Kwa hiyo sina kitu. Nakuandikia nikiwa sina kitu, ili usiniogope.

Nataka jambo moja, wala si kwa ajili ya mama wala ya watu wa makaburini. Kila nikifumba macho nasikia simu ikilia upande wake, naye anajigeuza. Nimejaribu kumfanya asijigeuze. Anajigeuza. Niliacha kupika maharage kwa sababu nilikuwa nasimama jikoni nimeshika pilipili nikisikia simu.

Wewe ulikuwapo, hakuna mwingine. Niambie alijigeuza au hakujigeuza. Andika neno moja tu kama mengi ni mazito. Ukweli wowote nitakaoupata sitauita uongo.

Mbusu Lubna.

Saliha


Ujiji
19 Julai 2025

Saliha,

Sitaweka salamu.

Nimeandika barua hii mara tatu nikaichana. Leo naiandika kwa sababu nawe umeanza kunijia usingizini. Mke wangu anasema naota naongea. Nikisema kwako itabaki kwako, wewe si mtu wa maneno.

Hakujigeuza. Asubuhi ile nilichukua ile miguu miwili ya chuma, unaijua, ile tuliyokuwa tunaiweka chini ya gari ili lisikae juu ya jeki peke yake. Nilimpelekea mtu mmoja wa Mutanga Nord ambaye gari lake lilikuwa limemfia uani. Ni mtu mkubwa, nilitaka anifahamu. Shaabani akasema tungoje mpaka irudi. Mteja alikuwa amesimama pale anaangalia saa. Nikamwambia ndugu yangu, mbele ya mteja, "We ni mke? Ingia, dakika tano." Mteja akacheka, akaenda kunywa chai. Shaabani akaingia. Jeki ilikuwa inavuja. Nilijua. Aliniambia mara mbili, kama alivyoandika.

Ilishuka polepole, haikuanguka. Aliniita jina langu. Nilishika bampa nikavuta, gari haliwezi kuinuliwa na mtu mmoja. Kisha akanyamaza. Nilikuwa bado nimeshika bampa simu ilipoanza kulia mfukoni mwake. Nilijua ni wewe, kwa ule mlio aliokuwekea. Ikakatika, ikalia tena. Alikuwa amekwisha kufa. Watu walikuja wakati ile ya pili inalia, wakauliza imekuwaje, na kitu pekee kilichokuwa kinasikika pale ni simu yako. Nikasema ni simu. Sikupanga. Ungalichelewa dakika kumi kupiga, sijui ningalisema nini. Kwa hiyo usiniambie hakuna mkono wako kabisa hapo. Wewe ndiye uliyenipa la kusema.

Daftari lilifika. Nilitafuta mtu akanisomea, kisha nikalitia kwenye jiko la mkaa. Lubna alikuwa karibu, akauliza ni nini, nikasema ni karatasi za gari.

Sasa umejua, lala. Lakini hakuna kitakachobadilika. Mama alizaa watu wawili. Mmoja amemzika. Akijua haya hatabaki hata na huyu wa pili, na moyo wake hautafika jioni. Wewe unaweza kuzaa wengine, yeye hawezi. Lubna ni kama fidia yake. Anamkanda miguu, anamwimbia. Nimepima mara nyingi nikaona wewe ndiye unayeweza kubeba, kwa sababu hujawahi kumwumiza mtu. Shaabani alikuwa akisema hata kuku unamwomba radhi kabla ya kumchinja.

Ichome barua hii ukimaliza. Usiandike tena. Usimwandikie mama pia. Hajui kusoma, na anayemsomea ni mimi.

Karimu


Ujiji
Jumamosi, 2 Agosti 2025

Shemeji Karimu,

Asalaam aleikum. Umeona hapo juu nimeandika Ujiji. Sikukosea.

Nimefika juzi na basi la Ilyasi, nimelala kwa dada yake, wameniwekea maji ya moto na wali. Njiani tulikaa mpakani muda wa saa nne. Nilikuwa na pasi ya kusafiria, nguo mbili, na barua yako. Uliniagiza niichome. Nilikaa nayo siku mbili mbele ya jiko, nikaona sina sababu ya kukutii. Wala sikukuahidi. Tazama barua zangu zote, hutakuta ahadi hiyo. Mélissa ameinakili kwa mkono na kuipiga picha, na mwalimu Révérien ana nakala yake. Nimejifunza kutokana na daftari.

Jana nilikwenda kusimama ng'ambo ya madrasa watoto wakitoka. Lubna amerefuka, ameng'oka meno mawili. Aliniona. Hakukimbia kuja. Alisimama na mkoba wake, akaangalia kama kuna mtu wa kwenu karibu, kisha akaja hatua chache akaniuliza, "Ni kweli ulimpigia baba akafa?" Uliandika kwamba hajaambiwa kitu. Nilitaka kumjibu palepale, mdomo ulikuwa wazi. Nikaona kwamba akilisikia kwangu litakuwa neno la mama dhidi ya neno la bamdogo, naye atabeba yote mawili mpaka azeeke. Nikamwambia, "Kesho bibi yako atakujibu mwenyewe." Akasema sawa, akaenda. Hakunishika mkono.

Umepima ukaona nani abebe. Nami nimepima, usiku mwingi. Namjua mama. Nilimkanda mimi kabla ya Lubna, najua vidole gani vinamuuma. Najua kitakachompata leo. Unasema moyo wake hautafika jioni. Huenda umesema kweli. Zamani neno hilo peke yake lingenigeuza nikarudi. Lakini umechukua huruma yangu ukaifanya ukuta wa nyumba yako, ukamfungia mtoto wangu ndani, na mimi nataka kuingia.

Leo ni Jumamosi. Umekuja kituoni baada ya adhuhuri kama kawaida yako, na Ilyasi amekupa karatasi hii mkononi. Nilimwomba asikupe kabla. Hivi unavyosoma, mimi nimeketi kwenye mkeka wa mama, mkeo amekwenda sokoni kama kila Jumamosi, Lubna yuko katikati yetu. Jirani mmoja mwanamke anayejua kusoma amekuja kuwa shahidi, ili mama asiseme nimeongeza neno. Nimeanza na salamu, nimemwuliza miguu yake. Kisha nimemwambia nimeleta barua ya mwanawe.

Usiache vipuri kituoni ukakimbia, shemeji. Ni mbali, na barua yako ni fupi.

Saliha